STIMU YA BUKOBA: NANI ANAINUNUA, NA KWA MKATABA GANI?

Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa Bukoba na Muleba. Twayachapa kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wasomaji wasiopata nafasi ya kufika.



Tumetumwa kusema juu ya umeme. Twajua wengine mlitazamia habari za kahawa, na tunawaona mmeanza kutazamana. Vumilieni kidogo. Kahawa itakuja humo humo, maana mtu wa Bukoba hawezi kueleza biashara yo yote bila kuipitisha kwenye kahawa.

Jambo hili lilianza kwa mama mmoja, muuza samaki wa Kashai. Alisimama katika mkutano wetu uliopita akauliza: "Nikinunua LUKU, fedha yangu inakwenda wapi?" Mmoja wetu akajibu upesi, "Inakwenda TANESCO, mama." Akasema, "Hilo nalijua, mwanangu. Nauliza hao TANESCO nao wananunua kwa nani." Sisi tuliokaa mezani, na vyeti vyetu vya ualimu, tukatazamana. Hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa na jibu la kumpa. Tukaahidi kulitafuta, na leo twalipa deni lile.

Jibu lenyewe ni hili. Kwa zaidi ya miaka 20 taa za Bukoba na wilaya zinazoizunguka zimewaka kwa umeme ulionunuliwa Uganda. Tangu miaka ya 1990 iko njia ya kilovoti 132 itokayo Masaka, ikavuka mpaka, ikafika Kyaka, na kutoka hapo umeme ukagawanywa kuja huku. Kabla ya hapo mji huu uliwashwa kwa mashine za dizeli, na wazee wetu wanakumbuka jinsi zilivyonguruma, na jinsi zilivyonyamaza mafuta yalipokwisha. Wazee hao hao wanakumbuka Kyaka nyingine, ile ya mwaka 1978, daraja lilipobomolewa na majeshi ya Amin. Palipovunjwa daraja ndipo penye kituo kinachopokea stimu kutoka upande ule ule. Mambo ya dunia ndivyo yalivyo.

Lakini swali la mama halikomei hapo. Mtu akisema "tunanunua Uganda", hajasema tunanunua kwa nani huko Uganda. Na hapa ndipo somo letu linapoanza, kwa sababu jirani zetu waliufanya umeme kuwa bidhaa ya sokoni zamani kidogo.

Mwaka 1954 Waingereza walifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, na Malkia wao akaja mwenyewe kulizindua. Wakati huo na miaka mingi baadaye palikuwa na mkono mmoja tu, Bodi ya Umeme ya Uganda. Bodi ile ndiyo iliyoufua umeme, ndiyo iliyousafirisha kwenye nguzo kubwa, ndiyo iliyougawa mitaani na kuwadai watu. Mwaka 1999 ikapitishwa sheria mpya, na mwaka 2001 bodi ikakatwa vipande vitatu: kampuni ya kufua, kampuni ya kusafirisha, na kampuni ya kugawa. Kisha vipande viwili vikakodishwa kwa wageni. Mitambo ya Jinja ikapewa Eskom ya Afrika Kusini kwa miaka 20, hadi mwaka 2023. Ugawaji wa mijini ukapewa kampuni iitwayo Umeme tangu mwaka 2005 hadi mwaka 2025, Serikali ya Uganda ilipourudisha mikononi mwake. Kipande cha katikati, yaani kampuni ya usafirishaji, UETCL, kilibaki mali ya Serikali. Huyo ndiye anayenunua umeme kwa wafuaji wote, na huyo ndiye anayewauzia majirani, sisi tukiwamo.

Kwa hiyo, ndugu, sisi ambao kwetu soko huria la umeme halijafunguliwa, tumekuwa wanunuzi katika soko la wenzetu bila kuitwa mezani. Halmashauri ya Bukoba haikununua cho chote. Halmashauri ya Muleba haikununua cho chote. Aliyenunua ni TANESCO, kwa niaba yetu, na sisi tulipewa namba za kubonyeza kwenye mita.

Hatusemi hivyo kwa kulaumu. Twasema ili tujue tulipo, kwani maneno ya kuligawa shirika letu si mageni. Tangu mwaka 2002 hadi mwaka 2006 TANESCO iliendeshwa na kampuni ya Afrika Kusini. Mwaka 2008 ikaja Sheria ya Umeme, ambayo inawaruhusu watu binafsi kufua na kuuza kwa leseni. Mwaka 2014 Serikali ikatoa ramani ya kuligawa shirika hatua kwa hatua hadi mwaka 2025. Mwaka 2025 ulipofika shirika lilikuwa bado moja. Ramani haikufuatwa, lakini ramani haichomwi moto. Hukunjwa ikawekwa kabatini, na siku moja mtu huifungua. Siku hiyo halmashauri zetu zitaambiwa: haya, sasa chagueni muuzaji. Je, madiwani wetu watajua wanachagua nini?

Hebu tueleze kwa kahawa. Sote twaijua butura. Mkulima ana shida, mtoto amefukuzwa ada au mgonjwa yuko hospitali, na kahawa ingali maua. Anakuja mwenye fedha, anaitazama miti, anataja bei. Mkulima anapokea. Msimu ukifika, mzigo wote ni wa mwenye fedha, na bei ya siku hiyo ikiwa mara tatu, hayo ni ya mwenye fedha pia. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, na kila mwaka ipo. Kwa nini? Kwa sababu aliye na njaa siku ya kupatana bei hapatani, anapokea.

Ukiondoa waya na mashine, biashara ya umeme ndiyo hiyo hiyo. Umeme hauwekwi ghalani kama magunia ya maganda. Ukifuliwa sasa hutumiwa sasa. Basi mnunuzi ana njia mbili: anunue siku kwa siku kwa bei ya siku, au apatane mapema kwa miaka mingi. Njia ya kwanza ni ya sokoni asubuhi, kama ndizi. Njia ya pili ni butura, isipokuwa mara hii anayeweza kuwa na njaa ni mnunuzi.

Mfano wa njia ya kwanza twauchukua Marekani, kwa kuwa huko kuna halmashauri za miji zinazonunua umeme zenyewe. Katika jimbo la Texas kuna mji uitwao Denton. Una watu wapatao laki moja na nusu hivi, kama Manispaa yetu ya Bukoba. Ndiyo maana tumeuchagua. Halmashauri yake ina idara yake ya umeme, nayo hununua sokoni na kuwauzia wakazi. Mwezi wa Februari mwaka 2021 baridi kali isiyozoeleka iliipiga Texas. Visima na mabomba ya gesi yakaganda, mitambo ikasimama, mamilioni ya watu wakakaa gizani, na zaidi ya watu 200 wakafa. Soko la jimbo lile lilikuwa na kikomo cha bei, na kikomo chenyewe kilikuwa dola 9,000 kwa megawati moja ya saa moja. Megawati moja ya saa moja ni yuniti elfu. Kwa hiyo yuniti moja, ambayo siku za kawaida huuzwa huko sokoni kwa senti chache, ikawa dola 9. Bei ikapanda hadi kikomo kile ikakaa juu siku kadhaa. Denton ikatumia zaidi ya dola milioni 200 kwa siku chache tu. Mji wa ukubwa wa Bukoba, ndugu! Wala hawakuwa wezi wala wajinga. Walikuta njaa siku ya soko.

Mfano wa njia ya pili ni Chicago. Sheria ya jimbo la Illinois ya mwaka 1997 ililifungua soko lao. Nguzo na waya vilibaki vya kampuni ya zamani, lakini mtu akaruhusiwa kununua umeme wenyewe kwa muuzaji mwingine. Tarehe 6 Novemba 2012 wakazi wa Chicago walipiga kura kuiruhusu halmashauri yao iwanunulie umeme kwa pamoja, mamia ya maelfu ya nyumba kwa mkupuo mmoja, kama chama cha ushirika kinavyokusanya kahawa ya wengi ili kipate sauti mbele ya mnunuzi. Wazee waliokijua chama chetu cha ushirika tangu mwaka 1950 hawahitaji kuelezwa faida ya jambo hilo. Halmashauri ikapatana na kampuni iitwayo Integrys, na mwanzoni mwa mwaka 2013 watu wakaanza kulipa pungufu. Wakafurahi. Lakini kampuni ya zamani ilikuwa imefungwa na mikataba ya bei ghali, nayo ikaisha katikati ya mwaka ule ule. Bei yake ikashuka, nafuu ya Chicago ikayeyuka, na mwaka 2015 mji ukaiacha mipango ile ukarudi ulikotoka.

Hapo palikuwa na ushirika, palikuwa na kura, palikuwa na wanasheria wengi kuliko wote waliopo Kagera, na bado faida ilidumu muda mfupi. Kwa nini basi hawakuumia kama Denton? Kwa sababu mkataba wao ulikuwa wa muda mfupi na mlango wa kutokea ulikuwamo. Hawakuuza maua ya miaka 20.

Sisi Watanzania tumewahi kuuza maua ya miaka 20. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mvua zilipungua, mabwawa yakakauka, umeme ukawa wa zamu. Katika hali hiyo, mwaka 1995, ikatiwa sahihi mikataba ya IPTL: megawati 100 pale Tegeta, kwa mashine za mafuta mazito, kwa miaka 20. Ndani yake mlikuwa na malipo ambayo wenyewe huyaita malipo ya uwezo. Maana yake ni kwamba mnunuzi hulipa kila mwezi kwa ajili ya mtambo kuwa tayari, mashine iwe inazunguka au imelala. Mashauri yakaanza kabla hata umeme haujatoka. Mitambo ilianza kutuuzia umeme mwaka 2002, na mwaka 2014 Bunge zima likakesha kwa habari za fedha za Escrow zilizotokana na mgogoro ule ule. Mwaka 2006 ukame ukaja tena, na kwa haraka ile ile ikaitwa kampuni ya Richmond, na mwanzoni mwa mwaka 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu kwa ajili yake. Tazameni miaka hiyo: ukame, mkataba, ukame, mkataba. Kila mara tulipatana bei tukiwa gizani.

Tusidhani malipo ya uwezo ni wizi kwa asili yake. Mtu aliyetumia fedha nyingi kujenga mtambo lazima azirudishe, na Uganda nao wanalilipia bwawa la Bujagali, la megawati 250, lililokamilika mwaka 2012, kwa masharti ya namna hiyo. Kosa ni kulipia uwezo usioupima, kwa muda usiouhesabu.

Sisi wenyewe tumelionja hilo kwa kipimo kidogo. Shule moja tuliyofundisha zamani ilikodi jenereta kwa ajili ya masomo ya jioni ya kidato cha nne. Mwenye jenereta alikuja na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Kiswahili, nayo ilitaja bei ya mwezi, ikatupendeza. Ya pili ilikuwa ya Kiingereza, nasi tuliokuwa tukifundisha Kiingereza hatukuisoma, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja na jamaa alikuwa na haraka. Likizo ikafika, wanafunzi wakaenda makwao, jenereta ikafunikwa turubai, kuku wakalala juu yake. Mwisho wa mwezi jamaa akaja kudai kodi kamili. Tukabisha, akafungua karatasi ya pili. Tulilipa, na fedha zenyewe zilikuwa za chaki na daftari. Tangu siku hiyo tukisikia mtu anasema "mambo madogo madogo ya mkataba mtayaona baadaye", twahisi harufu ya kuku.

Iko hatari nyingine, nayo ni ya mlango mmoja. Hapa hatuna haja ya kwenda Marekani. Serikali ya Zanzibar hununua umeme kwa jumla kutoka TANESCO, na kwa miaka mingi Unguja ilitegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari. Mwezi wa Mei mwaka 2008 njia ile ikaharibika, na kisiwa kikakaa gizani muda wa mwezi hivi. Mwezi wa Desemba mwaka 2009 ikaharibika tena, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu. Mahoteli yaliwasha jenereta, mwenye duka la samaki akatupa samaki, akina mama wakachota maji kwa ndoo kwa sababu pampu hazikuzunguka. Hakuna aliyekataa kuwauzia, wala bei haikupanda. Njia tu ilikatika, na njia ilikuwa moja. Mwaka 2013 ukalazwa waya mpya wa megawati 100.

Bukoba nayo imekaa miaka yote hiyo kwenye ncha ya waya mmoja kutoka Masaka. Umeme ukikatika upande wa pili wa Mutukula, huku fundi wetu hana la kufanya ila kupiga simu na kungoja. Na mji huu, ukikosa umeme, hukosa na maji, ijapokuwa ziwa zima liko mbele yetu, maana maji ya ziwa husukumwa mlimani kwa pampu, na pampu hulishwa na stimu hiyo hiyo.

Sasa twaja kwenye jambo lililotuleta. Twasema hivi: wakati wa kupatana bei ni wakati wa shibe, na shibe imefika. Uganda wamelimaliza bwawa la Karuma, megawati 600, lililozinduliwa mwaka 2024. Kwetu, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mashine tisa za jumla ya megawati 2,115, na ya mwisho ilikamilika mwaka 2025. Katika mkoa wetu wenyewe, kule Ngara, maporomoko ya Rusumo yanatoa megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawa kwa sawa. Kule Murongo, mto Kagera ule ule unazungusha mashine ambazo umeme wake twagawana na Uganda. Na uko mpango wa Kakono, megawati 87 na zaidi, ndani ya Missenyi, karibu kabisa na kituo cha Kyaka. Juu ya hayo iko kazi ya njia ya kilovoti 220 kutoka Benako hadi Kyaka, kilomita zaidi ya 160, ya kuiunganisha Bukoba na gridi ya Taifa.

Mkulima mwenye wanunuzi watatu mlangoni hauzi kwa butura. Hali kadhalika mnunuzi mwenye wauzaji watatu. Ndiyo maana hatukubaliani na wenzetu wasemao ya kwamba siku gridi ya Taifa ikifika Kyaka, waya wa Masaka ukatwe, eti ni aibu kununua kwa jirani. Aibu iko wapi? Umeme unaosafiri kutoka Rufiji hadi Ziwa Magharibi hupotea njiani kwa sehemu, kama maji katika mfereji mrefu. Mwezi wa Machi mwaka 2025 Rais Samia alisema hadharani, akiwa Kilimanjaro, ya kwamba Serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini kwa sababu ya upotevu huo. Maneno yakawa mengi nchini: tumejenga bwawa kubwa, iweje tununue nje? Watu wa Kagera tungeweza kuwajibu, kwa kuwa sisi tumenunua nje muda mrefu kuliko wote. Waya wa Masaka ubaki, na wa Benako uje. Tukiwa na yote miwili, mmoja ukikatika mwingine upo, na muuzaji wa kwanza akijua yupo wa pili huongea kwa adabu.

Lakini atakayeongea naye ni TANESCO. Sisi wa Bukoba na Muleba tuna nini cha kufanya? Tunacho, na tena si kidogo.

Kwanza bei. TANESCO haijipangii bei. Inapeleka maombi EWURA, na EWURA kabla ya kuamua huita wananchi kwenye taftishi, yaani kikao cha wazi cha kusikiliza maoni. Liko pia baraza la watumiaji lililowekwa kisheria kutusemea. Tujiulize: ni nani kutoka Muleba amewahi kusimama katika taftishi? Siku bei ikipanda tunapiga kelele kijiweni, na kijiwe hakiandikwi katika kumbukumbu za EWURA. Tunataka siku ikitangazwa taftishi nyingine waende watu wetu, wakiwa na karatasi na hesabu, wala si hasira tupu.

Na hesabu zenyewe zianzie katika nyumba yetu. Bei zilizopitishwa na EWURA mwaka 2016 ziliwagawa watumiaji mafungu. Mtu wa nyumbani atumiaye yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi aliwekewa shilingi 100 kwa yuniti. Mtumiaji wa kawaida aliwekewa shilingi 292. Mtumiaji mkubwa kidogo, apitaye yuniti 7,500 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 195 kwa yuniti, kabla ya kodi. Mkisikia 195 mnasema, ah, mkubwa amependelewa. Ngojeni. Huyo aliwekewa pia malipo ya kilele, shilingi 15,004 kwa kila kilovoti-ampea, yaani kwa kipimo cha ule mzigo mkubwa kabisa alioubeba kwa wakati mmoja katika mwezi.

Twende pole pole hapa, maana hapa ndipo fedha za umma zinapovuja. Chukueni taasisi mbili. Kila moja imetumia yuniti 10,000 kwa mwezi. Kwa yuniti tu kila moja italipa shilingi 1,950,000. Ya kwanza ina pampu zake, na fundi wake huziwasha moja baada ya nyingine, kwa hiyo kilele chake ni 30. Atalipa juu yake shilingi 450,120. Ya pili ina pampu zile zile, lakini fundi huziwasha zote pamoja asubuhi ili awahi chai, na kilele chake ni 60. Huyo atalipa shilingi 900,240. Umeme ni ule ule, maji ni yale yale. Tofauti ni shilingi 450,120 kila mwezi, na kwa mwaka ni zaidi ya milioni tano, fedha ya kutosha kununua madawati ya darasa zima na zaidi. Kwa ajili ya chai!

Hatujui kama ndivyo ilivyo katika majengo yetu ya umma, wala hatumsingizii mtu. Twasema tu ya kwamba ankara ya mwezi inayaonyesha yote mawili, yuniti na kilele, katika karatasi moja, na diwani anayo haki ya kuiomba na kuisoma. Diwani asiyejua kusoma ankara ya pampu za maji, siku soko likifunguliwa, tutamtuma kusoma mkataba wa miaka 20?

Wazee watatuuliza, na watakuwa na haki: ninyi vijana mnataka soko hilo lije au lisije? Tumebishana sana sisi kwa sisi, na wengi wetu hatulitamani. Mji usio na wataalamu wake wa hesabu za umeme ukiingia sokoni ni kama mtoto aliyetumwa mnadani na fedha za baba. Lakini hatukuulizwa kama twataka UETCL iwe kampuni ya biashara, na bado umeme wake ndio uliotuangazia. Kwa hiyo tusingoje kuulizwa ndipo tuanze kujifunza.

Na kwenu wa visiwani, Bumbire, Kerebe, Goziba na kwingineko, ambako waya wa gridi si rahisi kufika, jambo hili lawahusu kuliko wote. Kwenu ndiko mwenye mtambo mdogo wa jua anaweza kushuka kwa boti na karatasi zake mbili. Umeme wake waweza kuwa mzuri, na msimfukuze. Ila muulizeni kama ana idhini ya EWURA. Muulizeni bei ni ya yuniti au ya mwezi, muda ni miaka mingapi, na gridi ikija siku moja itakuwaje. Karatasi ya pili isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, kabla ya mtu ye yote kutia sahihi.

Kamati imetuagiza kuwatangazieni haya. Wanachama watatu wa Bukoba na watatu wa Muleba watakwenda kwa wakurugenzi wa halmashauri kuomba, kwa barua na kwa heshima, ankara za umeme za miezi 12 iliyopita: za ofisi, za vituo vya afya na za taa za barabarani. Za pampu wataziomba kwa mamlaka ya maji. Mwalimu mmoja wa hisabati atakaa nao. Watakayoyakuta yataletwa hapa na kusomwa, yawe matamu au machungu. Mama wa Kashai amekubali kuwa mmoja wa wale watatu wa Bukoba. Amesema sharti lake ni kuwa safari isiwe siku ya gulio.

Sasa tupo tayari kwa maswali, na twawaomba wazee waanze.